Rehema Aliyekwenda Pasipo Barua

Kitabu cha John Bunyan cha safari ya Mkristo, kilichotoka Uingereza mwaka 1678, chajulikana sana. Wengi wakumbuka jinsi Mkristo alivyoziba masikio kwa vidole akakimbia, mkewe na watoto wakimlilia nyuma. Lakini sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 1684, husomwa na wachache. Nami nathubutu kusema kwamba katika jambo la kutambua wito, sehemu hiyo yafundisha vema kuliko ya kwanza.

Sehemu ya kwanza ina nguvu, wala sitaki kuipunguzia sifa yake. Walakini kijana asiyesoma kwa makini aweza kudhani ya kuwa wito huja kwa kishindo, na ya kuwa aliyeitwa sharti awape kisogo watu wa nyumbani mwake. Mwenye kudhani hivyo huketi akingoja ndoto, hali jembe lake limeegemea ukuta.

Katika sehemu ya pili, Christiana, mke wa Mkristo, aletewa barua ya Mfalme iliyoandikwa kwa herufi za dhahabu. Jirani yake Mercy, yaani Rehema, hana barua. Alikuja kumwamkia tu. Kisha moyo wake wavutwa, akamsindikiza. Wafikapo langoni, Christiana apokewa, naye Rehema abaki nje akiogopa kwamba hakuitwa. Hata hivyo abisha kwa nguvu, kisha azimia. Mwenye lango amshika mkono, amwinua na kumwingiza, wala hamdai barua.

Baadaye kijana mmoja amposa kwa kuwa aona mikono yake haikai bure. Asikiapo kwamba nguo azishonazo ni za kuwapa maskini pasipo malipo, amwacha. Rehema haiachi sindano yake. Hapo naona mwandishi ametupa kipimo cha kweli: kazi unayoendelea nayo hata ikikupotezea faida, yamkini ndiyo uliyoitiwa.

Bunyan aliyajua haya kwa maisha yake. Alikuwa fundi wa kuziba masufuria, kama baba yake. Hakujitangaza kuwa mhubiri. Ni wenzake wa kanisa la Bedford waliokitambua kipawa chake, wakamsihi anene. Mwaka 1660 alifungwa kwa kuhubiri pasipo ruhusa ya serikali, akakaa gerezani karibu miaka 12. Angaliahidi kunyamaza angalifunguliwa, naye alikuwa na watoto wanne, mmoja wao kipofu. Hakuahidi, lakini humo gerezani alitengeneza kamba za viatu ili wapate chakula. Basi tusiseme kwamba wito haukuwagharimu wa nyumbani kwake, wala tusiseme kwamba aliwatupa.

Sehemu hii ya pili ina kasoro zake. Mafumbo ni mengi, mazungumzo ni marefu, na safari yasimama mara kwa mara hata msomaji achoke. Lakini mwenye subira atalipwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikifunge kitabu pale Mkristo avukapo mto. Funua mbele. Kama wewe nawe hukuletewa barua, wala hukuota ndoto, tazama jinsi Rehema alivyobisha, kisha utazame ni kazi gani iliyo mkononi mwako leo.