Ardhi Iliyokwisha Bila Mwizi

Vitabu na filamu nyingi kuhusu ardhi huwa na mwizi. Kampuni inakuja na matingatinga, serikali inatia sahihi, wanakijiji wanalia. Ukifika ukurasa wa kumi umeshajua umpende nani na umchukie nani. Kitabu cha Tania Murray Li kiitwacho Land's End, kilichochapishwa mwaka 2014 na Duke University Press, hakina mtu wa kumchukia kirahisi namna hiyo. Kwa sababu hiyo nimeona nikiandikie katika jarida letu, maana sisi kambini tumezoea kuzungumza habari za ardhi kana kwamba mwizi lazima awe mgeni.

Mama huyu ni mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Tangu 1990 hadi 2009 alikuwa akienda na kurudi kwenye vilima vya Sulawesi ya Kati, Indonesia, juu ya Ghuba ya Tomini. Huko wanakaa Walauje. Mimi jina hilo sikuwahi kulisikia, na nadhani hata wewe. Hata kwao hawajulikani sana: watu wa pwani, ambao wako karibu na barabara, shule na ofisi, waliwaona wa milimani kama washamba tu.

Zamani mali yao ilikwenda hivi. Aliyekata msitu mzito kwa shoka lake alikuwa na haki juu ya pale, kwa sababu jasho ni lake. Akifa, haki inabaki kwa watoto na wajukuu wote kwa pamoja. Yeyote kati yao akihitaji, analima pale mpunga au mahindi kwa msimu mmoja au miwili, halafu anapaacha papumzike, na kesho ndugu mwingine anaweza kupatumia. Chakula ulicholima ni chako, hata mke na mume walihesabu kazi yao mbalimbali, kila mtu na mazao yake. Ila ardhi yenyewe haikuwa kitu cha kuuza.

Basi ikaja kakao. Walauje walipanda wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1990, bila kusukumwa na askari wala kampuni. Waliona watu wa pwani wanapata hela, na wao wakataka hela: nyumba nzuri, watoto shuleni, kuacha kudharauliwa. Nani atawalaumu? Lakini mkakao si hindi. Ukishaupanda unakaa miaka mingi, na pale ulipo hapapumziki tena wala ndugu hawezi kupaazima. Kwa hiyo mti ukageuka kuwa ua. Kila mtu aliona kwamba asipopanda leo kwenye ardhi ya babu, binamu yake atapanda kesho. Ikawa mbio.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni pale mwandishi anaposikiliza maneno. Anasema liliingia neno jipya, lokasi, ambalo si la Kilauje. Zamani walikuwa na maneno ya msitu mzito na ya shamba lililopumzishwa, yaani maneno yanayoeleza kazi iliyofanyika pale. Lokasi ni kipande tu. Kipande kina mpaka, kina mwenyewe, na kinauzika. Nilisimama hapo nikafikiri muda mrefu, kwa sababu na sisi tunayo maneno ya namna hii, kama ploti. Likishaingia mdomoni, mzozo unafuata.

Mwisho wake unauma. Wenye akiba kidogo walinunua vipande vya wenzao wenye deni au njaa. Waliouza wakabaki vibarua. Halafu, kumbe, hata kibarua hakuna cha kutosha, kwa sababu shamba la mikakao la tajiri wa kijiji ni dogo na familia yake inalimudu. Chakula sasa kinanunuliwa. Msitu wa kuanzia upya haupo, na viwanda vya kuwachukua vijana havipo. Ndiyo maana ya jina la kitabu: ardhi imefika mwisho. Na waliochukua walikuwa ndugu, majirani, watu waliokula sahani moja.

Sifa kubwa ya Li ni kwamba hawatukani hao ndugu. Anaonyesha hesabu ya kila mmoja, na kila hesabu ukiiangalia peke yake ina akili. Pia anawaambia ukweli wanaharakati. Indonesia ina muungano mkubwa wa jamii za asili, AMAN, ulioanzishwa 1999, na mwaka 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba misitu ya kimila si misitu ya serikali. Ni ushindi mkubwa. Lakini Li anauliza: na kama wenye ardhi ya pamoja wenyewe wanataka kuigawa? Sheria ya kumzuia mgeni haimzuii kaka yako.

Sasa kasoro. Kwanza, kitabu ni kigumu. Mimi nina kidato cha nne, nilikisoma na kamusi pembeni, na kuna kurasa za nadharia ya ubepari nilizozirudia mara tatu nikatoka mikono mitupu. Walauje wa kwenye kurasa hizo wanapotea, wanarudi baadaye. Pili, nilitaka kuwasikia zaidi vijana. Tunaambiwa hawana ardhi wala kazi, lakini jioni wanazungumza nini? Wanamwambiaje baba aliyeuza? Sikushiba hapo. Tatu, kusema hakuna mwizi ni kweli kijijini, ila bei ya kakao haipangwi kijijini. Wanunuzi wa mbali wako kwenye hadithi, lakini wako nyuma sana, kama sauti ya redio ya jirani.

Kwa nini nawaletea habari za Sulawesi? Kwa sababu kila wiki, kwenye vikundi vya vijana ninavyoviongoza, nasikia sentensi ileile: "Siku moja tutarudi, shamba la babu lipo." Simkatazi mtu kutumaini. Lakini shamba la babu lina wajukuu wengine waliobaki, na pengine wamepanda kitu kisichong'oka kwa msimu mmoja. Hawakutufukuza wao. Walikuwa na watoto wa kulisha. Siku ya kurudi tutakutana na mtu anayefanana na sisi sura, ameshika panga na mkungu wa ndizi, naye ana sababu zake. Hayo mazungumzo inafaa tuyaanze sasa, kwa simu, wazee wetu wakiwa bado hai na wanakumbuka mpaka ulipita wapi na nani aliahidiwa nini.

Na nyinyi mnaofanya kazi katika mashirika, someni sura za mwisho taratibu. Li anapinga ile imani kwamba mtu akitoka shambani kuna kazi inamngoja mahali. Kambini tunatoa vyeti vya ushonaji, kunyoa na kompyuta. Ni vizuri, mimi mwenyewe nawaandikisha vijana. Ila kabla ya kufungua darasa jingine tuulize nguo hizo atazinunua nani, na hao waliohitimu mwaka jana wanashona wapi.

Kitabu hiki hakitakufurahisha. Hata hivyo kitafute, usome na mwenzako, mgawane kurasa ngumu. Ukifika kwenye lokasi, funga kitabu kwanza, kampigie simu mjomba.