Kuchapa si kuchapisha: Mashine ya oda haijamfuta kazi mhariri

Mwezi jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili, alinitembelea ofisini akiwa na riwaya yake ya kwanza. Jalada lang'aa, mgongo umenyooka, karatasi nyeupe pe. "Profesa, hatimaye nimechapisha!" akasema. Nilimpongeza kwa moyo mkunjufu. Nami nilikuwa na sababu yangu ya kufurahi: dibaji ya kitabu hicho niliiandika mimi.

Jioni nikakifungua. Katika ukurasa wa pili tu, nyumba ya mhusika mkuu "ikashika motto". Nikadhani ni macho yangu ya uzee. Nikafuta miwani, nikaendelea. Jikoni mlikuwa na motto, na mapenzi nayo yaliwaka kama motto. Mwishoni mwa mstari mmoja neno "watoto" lilikuwa limekatwa likawa "wat-", na "oto" ikaanguka mstari wa chini. Katika sura ya saba, mzee tuliyemzika katika sura ya nne aliagiza chai ya maziwa.

Kosa la kwanza na la pili yana maelezo mepesi. Tarakilishi ya mwandishi ilikuwa imewekewa Kiingereza. Ilipokutana na "moto" ikadhani mwenyewe amesahau herufi, ikamsaidia. Ilipofika mwisho wa mstari ikakata neno kwa kanuni za Kiingereza, ilhali silabi za Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu: wa-to-to. Mtu anayekijua Kiswahili angeyaona hayo kwa kupitisha macho tu. Kosa la tatu, la marehemu kuagiza chai, halina tarakilishi ya kulaumiwa. Linahitaji mhariri.

Kitabu hiki kilitolewa kwa njia ambayo wachapaji wa jijini huiita "kuchapa kwa oda". Katika uchapaji wa zamani wa ofseti, ni lazima kwanza utengeneze mabamba na kutayarisha mtambo. Gharama hiyo ni ile ile, uchape nakala moja au elfu tano, na ndiyo maana mwenye kiwanda hakutaka kusikia habari za nakala kumi. Mashine ya kidijitali haihitaji bamba. Hupokea faili, ikatoa nakala moja au hamsini, kadiri ya wateja waliopo. Kampuni kama Lulu, iliyoanzishwa mwaka 2002, na baadaye Amazon, ziliifungulia dunia nzima mlango huo kupitia mtandaoni. Hapa Nairobi, wengi wetu hutumia nakala chache chache kutoka kwa wachapaji wenye mashine za aina hiyo, maana kitabu kilichochapwa ng'ambo kikisafirishwa hadi hapa, nauli yaweza kuishinda bei yake.

Sina ugomvi na mashine hii. Kwa hakika naiombea maisha marefu. Mashirika yetu makubwa ya uchapishaji hutegemea vitabu vya shule. Kama muswada wako hauna matumaini ya kuidhinishwa na KICD, utajibiwa kwa upole kwamba "soko ni gumu". Diwani ya mashairi, tamthilia isiyo na mafunzo ya gwaride, utafiti kuhusu lahaja yenye wasemaji wachache: vyote hivyo hubaki kwenye droo. Si jambo geni, basi, kwa mwandishi kujitafutia njia. Katika miaka ya 1970 David Maillu alianzisha Comb Books papa hapa Nairobi akatoa vitabu vyake mwenyewe, navyo vikasomwa mno, wahakiki wapende wasipende.

Ugomvi wangu ni na neno moja alilolitumia yule kijana: "nimechapisha". Kiswahili kimetupa vitenzi viwili hapa, nasi tunavitumia kana kwamba ni kimoja. Kuchapa ni kazi ya wino na karatasi. Kuchapisha, kwa kile kiambishi chake cha usababishi, ni kusababisha kuchapwa. Anayesababisha ndiye anayewajibika: anausoma muswada, anaukataa au kuukubali, anautafutia mhariri, anasahihisha prufu, kisha anatia jina la shirika lake kwenye jalada ili ukikosea ujue pa kulalamikia. Mchapaji akipokea faili yenye "motto", wajibu wake ni kuitoa "motto" hiyo ikiwa nyeusi na inayosomeka. Mashine ya oda imerahisisha kuchapa. Kuchapisha kungali ni kazi ya watu.

Tazama wanaoitumia vyema. African Books Collective, iliyoasisiwa na wachapishaji wa Afrika katika miaka ya 1980 na yenye makao Oxford, husambaza vitabu vya mashirika mengi ya bara hili, na vingi huchapwa kwa oda karibu na mnunuzi aliko. Miongoni mwao ni Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam na Langaa ya Bamenda, Kamerun. Msomaji aliye Chicago hahitaji kusubiri kontena kutoka Dar es Salaam. Lakini kabla ya mashine kuwashwa, wachapishaji wenyewe walikuwa wamekwisha kuamua ni muswada upi unastahili jina lao.

Na tusidhani kwamba kutoa nakala kwa oda ni uvumbuzi wa juzi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mchongaji aliyefariki mwaka 1945, alinakili tendi kwa mkono kwa hati za Kiarabu kila alipopata mwombaji. Wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimwagiza, naye akawaandikia. Nakala zake baadhi ziko London na Ujerumani hadi leo. Kwa kuwa kila nakala iliandikwa upya, hazikufanana neno kwa neno, na wahakiki wametoka jasho kuzilinganisha. Lakini mnakili wa aina yake aghalabu aliacha jina lake na tarehe mwishoni mwa kazi. Angalau unajua ni mkono wa nani, na wa lini.

Je, sisi? Nilipompigia simu kijana wangu kuhusu "motto", alicheka akasema, "Usijali, Prof, narekebisha leo usiku. Nakala zijazo zitakuwa sawa." Na kweli alirekebisha. Hivyo sasa kuna riwaya mbili zenye jalada moja, ISBN moja na mwaka mmoja. Katika moja, mzee ni marehemu; katika nyingine, yu hai. Mwanafunzi atakayeandika tasnifu juu yake atanukuu ipi? Wepesi wa kusahihisha ni neema, ila neema isiyo na tarehe huzaa vurugu. Basi sharti langu la kwanza ni dogo: kila unapobadilisha faili, andika katika ukurasa wa hakimiliki ni toleo la ngapi na la mwezi gani.

La pili linahusu pesa. Wengi huniambia, "Mhariri ni ghali." Tufanye hesabu ya kukisia. Tuseme zamani ulilazimika kuchapa nakala elfu moja kwa shilingi 200 kila moja. Hizo ni shilingi 200,000, na nusu ya vitabu vitaliwa na mchwa chini ya kitanda. Leo waweza kuanza na nakala hamsini. Hata kila moja ikigharimu shilingi 400, umetumia shilingi 20,000. Shilingi 180,000 zilizobaki si faida bado. Sehemu yake ni ya mhariri. Asiye na akiba hiyo tangu mwanzo na abadilishane miswada na mwandishi mwenzake, kila mmoja amsome mwingine kwa ukali. Nyani haoni kundule, lakini nyani wa mti wa pili huliona vizuri sana.

La tatu linatuhusu sisi maprofesa. Nimekwepa kulisema tangu mwanzo wa makala haya. Nilipoombwa dibaji, nilitumiwa muswada mzima. Nilisoma sura tatu. Zilinipendeza, nikaandika kwamba riwaya hii "imesukwa kwa ustadi kutoka mwanzo hadi mwisho". Mwisho sikuuona. Kama kulikuwa na mchapishaji yeyote katika safari ya kitabu kile, yaani mtu wa kusimama kati ya mwandishi na msomaji, nilikuwa mimi, nami nililala langoni.

Nimemwomba kijana aiondoe dibaji yangu hadi nitakapokisoma kitabu chote, kalamu nyekundu mkononi. Amekubali. Kwa mashine hii, kuiondoa ni kazi ya jioni moja. Kukisoma kutanichukua wiki mbili.