Ekinasia Juu ya Paa la Maegesho

Bustani ya Lurie, ndani ya Millennium Park mjini Chicago, iko juu ya maegesho ya magari. Udongo wake wote uliletwa na kutandazwa. Tangu bustani hiyo ifunguliwe mwaka 2004, ekinasia ni miongoni mwa maua yanayoipamba kila kiangazi: petali za zambarau zilizoinama, na katikati kitovu chenye ncha kali za rangi ya chungwa. Aliyepanga mimea yake ni Mholanzi Piet Oudolf, na mpango wake unastahili kuchunguzwa.

Jua ndilo la kwanza. Ekinasia huhitaji angalau saa 6 za jua kamili kwa siku. Kivulini shina hurefuka likitafuta mwanga, kisha hulala. Mbolea nyingi, hasa yenye naitrojeni, huleta matokeo yaleyale, na mtunza bustani huishia kuchomeka vijiti vya kuegemeza. Oudolf hakuhitaji vijiti. Huu ni mmea wa mbuga za Marekani, uliozoea kubanana na nyasi, naye akaurudishia majirani hao. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Maji yanayotuama shinani wakati wa baridi huua kuliko ukame, kwa hiyo tuta lazima lipitishe maji. Mizizi nayo hutofautiana. Ekinasia ya zambarau ina mizizi mingi myembamba, hustahimili udongo wa kawaida wa bustani, na hupandwa kwa nafasi ya sentimita 45 hivi. Ile ya waridi hafifu huzamisha mzizi mkuu mnene. Ichagulie mahali pa kudumu, maana haipendi kuhamishwa. Aina za manjano na chungwa, zilizotokana na kuchanganya mbegu na ekinasia ya manjano ya milima ya Ozark, huvutia sana dukani, lakini nyingi za mwanzo hazikudumu.

Maua yakinyauka, Lurie hawayakati. Vichwa vikavu hubaki hadi mwishoni mwa majira ya baridi, ndege wadogo wa jamii ya chiriku wakidonoa mbegu, ndipo tuta lote hufyekwa kabla ya machipukizi. Kukata mapema huongeza maua machache. Mimi ningewaachia ndege.

Mkasi usubiri, lakini jembe lisisubiri ugonjwa. Ukiona maua yamegeuka kijani na kupindapinda, ng'oa mmea mzima na mizizi yake siku hiyohiyo: ugonjwa huo husambazwa na wadudu wanaofyonza utomvu, na hauna tiba.