Choo Kwanza, Taulo Baadaye

Mwenye nyumba anayepangisha wageni kwa siku mjini Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, akitafuta ushauri wa kupunguza madhara ya wageni wake kwa mazingira, ataambiwa yale yale wanayoambiwa wenzake wa Barcelona: weka taa za LED, mwombe mgeni atumie taulo zaidi ya siku moja, tenga pipa la karatasi na pipa la chupa. Ushauri huo hauna ubaya, ila umeandikwa kwa ajili ya miji ambayo bomba la maji taka linapita chini ya barabara, na kinachotoka chooni ni shauri la manispaa. Wajir, mgeni akivuta maji chooni, maji hayo hayaendi mbali.

Mji umekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji ya ardhini yako karibu sana. Visima vifupi ndivyo vilivyowavuta watu na ngamia hapo tangu zamani, kabla Waingereza hawajafungua kituo chao mwaka 1912. Masimulizi ya wenyeji huvihusisha na Malkia wa Sheba mwenyewe. Neema hiyo ina gharama yake. Choo cha shimo hakichimbiki, kwa sababu ukishuka kidogo tu umeshafika kwenye maji. Ndiyo maana kwa miongo mingi kaya za Wajir zimetumia choo cha ndoo: ndoo inakaa chini ya tundu, ikijaa inachukuliwa na kumwagwa nje ya mji. Wanasiasa wameahidi mara nyingi kuiondoa, na kila anayeandika habari za Wajir huitaja kama aibu.

Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, wageni wa kikazi wameongezeka: maofisa, wakandarasi, watu wa mashirika ya misaada. Hao hawataki ndoo. Wanataka choo cha kuvuta maji na bafu la mvua. Mwenye nyumba anajenga tangi la maji taka na shimo la kufyonzea kando yake, na kwa macho ya mgeni nyumba imestaarabika. Kiufundi, imerudi nyuma. Shimo la kufyonzea hufanya kazi pale tu palipo na udongo mkavu wa kutosha kati ya sakafu yake na maji ya ardhini, kwa sababu ni katika udongo wenye hewa ndimo vijidudu vya maradhi hunaswa na kufa. Wajir tabaka hilo halipo, au ni jembamba mno, na mwamba wa chokaa una nyufa zinazopitisha maji bila kuyachuja. Mvua kubwa zikija, kama za El Niño za mwaka 1997 na 1998, maji ya chini hupanda na shimo na kisima huwa kitu kimoja. Ndoo, pamoja na karaha yake yote, angalau ilitoa uchafu nje ya mji.

Nyumba za wageni zilizotatua tatizo linalofanana na hili ziko mbali na Wajir, kwenye kisiwa cha Chumbe kusini magharibi mwa mji wa Zanzibar. Hapo nako ardhi ni jiwe la matumbawe lenye matundu, hakuna kisima cha maji matamu, na chochote kinachozama ardhini hutokea baharini, kwenye mwamba ambao serikali ya Zanzibar iliufanya hifadhi mwaka 1994. Waliojenga nyumba saba za wageni hapo waliamua kwamba kisishuke chochote. Paa pana hukusanya mvua, maji yakachujwa na kuhifadhiwa katika birika lililojengwa chini ya sakafu ya nyumba yenyewe. Kutoka humo hupandishwa kwa pampu ya mkono, yakapashwa moto na jua. Maji ya kuogea huishia kwenye vitalu vya mimea inayopenda nitrati na fosfati. Vyoo ni vya mboji, havitumii tone la maji. Umeme unatoka kwenye paneli za jua.

Watu wengi husifu paneli. Mimi naona ufundi mkubwa uko kwenye mpangilio wa maamuzi: choo kiliamuliwa kwanza, na baada ya hapo hesabu ya maji ikawezekana. Choo cha kuvuta hula lita 6 hadi 9 kila mara, na mtu mmoja huvuta kama mara tano kwa siku. Hiyo ni jerikeni moja na nusu hadi mbili na robo za lita 20, zinazosafirishwa Wajir kwa mkokoteni wa punda ili ziende kuchafua kisima cha jirani. Ongeza bafu la mvua la dakika saba, lita 60 nyingine, na ufuaji wa mashuka ya kila mgeni anayeondoka, na lita 150 kwa mtu mmoja kwa siku si jambo la kushangaza.

Tuipeleke hesabu hiyo kwenye paa la Wajir. Zanzibar hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, Wajir karibu milimita 300. Paa la mita za mraba 100, ukitoa sehemu ya tano inayopotea, litakupa lita 24,000. Wageni wawili wa lita 150 kila mmoja wanazimaliza kwa siku 80. Wageni hao hao wakitumia choo kikavu na kuoga kwa ndoo na kata, lita 40 kila mmoja, maji yale yale yanafika siku 300. Kati ya mvua za masika (Gu) na za vuli (Deyr) pana kama miezi mitano, kwa hiyo hifadhi ya lita 12,000 inatosha kuvuka mwaka wa kawaida. Mwaka wa kawaida, nasisitiza: kati ya 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano mfululizo ilishindwa, na hakuna paa lililookoa mtu. Mkokoteni hauondoki. Unapunguziwa safari.

Choo cha Chumbe hata hivyo hakiwezi kuhamishwa kilivyo. Mgeni wa Wajir, kama mwenyeji wake, hutumia maji kujitakasa, na maji yakiingia kwenye chumba cha mboji kinachotakiwa kubaki kikavu, mboji inaoza vibaya na kunuka. Jibu la hili lilikuwepo Sana'a, Yemen, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia utalii wa kijani. Katika majumba marefu ya mji wa kale kinyesi kilidondoka kwenye chumba cha chini na kukauka, mkojo ukatiririka pembeni, na mtu alisogea kando kidogo kustanji mahali penye mfereji wake. Kilichokauka kilichomwa kupasha maji ya hamamu. Mfumo huo umeelezwa kwa michoro katika kitabu cha Uno Winblad na Mtanzania Wen Kilama, Sanitation Without Water, na ni ajabu kwamba bado tunauchukulia kama kitu kigeni.

Kwa nyumba ya Wajir hiyo ina maana ya vyumba viwili vya saruji vilivyoinuliwa juu ya ardhi, unapanda ngazi tatu nne kuingia chooni. Kimoja kinatumika, kingine kimefungwa. Majivu yanamwagwa kila baada ya matumizi. Mkojo una njia yake, maji ya kustanji yana njia yake kwenda kwenye kitalu kilichosakafiwa chini ili yasizame. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja pale joto linapozidi nyuzi 20, na joto ndicho kitu ambacho Wajir haikopi. Asiye na nafasi ya vyumba viwili atazame Mukuru, Nairobi, ambako kampuni ya Sanergy ilianzisha vyoo vya Fresh Life vyenye chombo kinachofungwa vizuri na kuchukuliwa kwa ratiba. Kimsingi hiyo ni ndoo ya Wajir iliyopewa mfuniko, ratiba na kiwanda cha kuipokea.

Kuna tofauti nyingine inayonisumbua zaidi. Chumbe mgeni hupokelewa na mfanyakazi anayemwelekeza kila kitu. Nyumba ya kupanga kwa siku haina mtu. Ufunguo unaachwa kwa mlinzi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu anaondoka siku ya pili baada ya mkutano wake. Basi usijenge kitu kinachotegemea wema wake. Badala ya bango ukutani, weka tangi dogo la lita 100 juu ya bafu, lijazwe mara moja kila asubuhi. Ukubwa wa tangi ndio kanuni, na hakuna anayebishana nalo.

Yaliyobaki ni mepesi. Kwa kuwa maji ya visima yana chumvi, wageni hununua maji ya chupa. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 haikugusa chupa, kwa hiyo mtungi wa lita 20 unaojazwa upya uwepo jikoni kabla mgeni hajafika. Umeme wa Wajir kwa miaka mingi umetoka kwenye jenereta za dizeli inayoletwa kwa malori, ingawa Garissa ilipata mtambo wa jua wa megawati 54.6 mwaka 2019, kwa hiyo kiyoyozi cha usiku kucha ndicho cha kukwepa, wala si taa. Kivuli cha mti hupunguza haja ya kiyoyozi, na hapo mboji ya chooni inapata kazi. Wafugaji wana samadi nyingi kuliko wanavyoihitaji na hawataigusa mboji hiyo, lakini mwarobaini, mti uliozoea mitaa ya Garissa na Wajir, unaipokea vizuri. Upandwe upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga ukuta wa chumba cha kulala, na feni itatosha miezi mingi ya mwaka.