Neno "Asili" katika Istilahi za Miche ya Misonobari

Mwenye kutafsiri maelekezo ya vitalu vya miti hukutana mapema na neno "asili", na aghalabu hulitumia bila kulipima. Mti wa asili ni ule usioletwa kutoka nchi za kigeni; asili ya mbegu ni mahali ilikovunwa; sifa za asili ni zile ambazo mche huzirithi. Maana hizo tatu hazikai katika neno moja bila kugombana.

Tuchukue Wilaya ya Same. Mji wenyewe umekaa upande wa milima usiopata mvua nyingi, hali juu yake kilele cha Shengena chafikia mita 2,462, penye ukungu na msitu. Msonobari upandwao sana nchini, yaani Pinus patula, kwao ni Meksiko. Si mti wa asili wa Upare. Hata hivyo mbegu yake ina asili! Karani aambiwaye apeleke "miche yenye asili ifaayo" aweza kupeleka mikulo, wala asiwe amekosea hata neno moja.

Miche ya mbegu moja, mingine ikipandwa bondeni na mingine Chome, hutofautiana kimo kwa sababu ya mahali. Miche ya mbegu zilizotoka milima mbalimbali ya Meksiko, ikipandwa pamoja katika kitalu kimoja, yaweza kutofautiana pia, lakini hapo sababu ni urithi. Watafiti hupanda mbegu za kila mahali katika viwanja vingi ili wazitenge tofauti hizo. Mfasiri aandikaye "tofauti za asili" amezichanganya tena, na mkulima aliyengoja mbao miaka mingi ataulaumu udongo wake bure.

Sisi twapendelea "tofauti za kinasaba" kwa zile zirithiwazo. Kwamba "nasaba" huwakumbusha wengi ukoo wa watu halitusumbui. Mti nao una wazazi. "Aina" ibaki kwa daraja iliyo chini ya spishi, kama zile aina tatu za Pinus caribaea, isiwe kapu la kila kitu.

Kwa mahali twapendekeza "chimbuko". Neno hili lina kasoro: mbegu iliyovunwa Shume, Lushoto, kwa miti ambayo wazazi wake walitoka Meksiko, itahesabiwa kuwa na chimbuko gani? Kwa maoni yetu kibandiko cha mche kitaje yote mawili: chimbuko, Meksiko, mahali pa kuvunia, Shume.