Kukomboa, Kuacha Huru na Kufuta: Istilahi za Utumwa katika Filamu ya Lincoln

Filamu iitwayo Lincoln, iliyoongozwa na Steven Spielberg na kutolewa mwaka 2012, ni mchezo wa kihistoria wenye risasi chache na maneno mengi. Baada ya mapigano ya mwanzo, sehemu kubwa ya saa zake mbili na nusu yapita vyumbani: watu wanabishana, wanahesabu kura, wanapimana kwa maneno. Yahusu hasa Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa katika mwaka wa nne, Rais Abraham Lincoln akitaka Baraza la Wawakilishi lipitishe badiliko la 13 la katiba kabla vita havijakwisha. Daniel Day-Lewis, aliyeigiza kama Lincoln, alipata tuzo ya Oscar kwa haki kabisa. Lakini kwa wale ambao kazi yao ni maneno, thamani ya filamu hii iko kwingine. Yaonyesha kwamba msingi wa sheria ukiwa dhaifu, binadamu aliyekwisha kuitwa huru aweza kurudishwa utumwani.

Kitovu chake ni tofauti kati ya matendo mawili ya kisheria. La kwanza ni Tangazo la tarehe 1 Januari 1863. Kwa madaraka yake ya Amiri Jeshi Mkuu, Lincoln aliwatangaza kuwa huru watumwa wa sehemu zilizokuwa katika uasi. Tangazo halikuwagusa watumwa wa Kentucky, Maryland, Missouri na Delaware, majimbo yenye utumwa ambayo hayakuasi. Lilikuwa silaha ya vita. Na katika filamu Rais anawaeleza mawaziri wake hofu yake kwamba vita vikiisha, mahakama zaweza kusema nguvu ya silaha hiyo nayo imekwisha. Tendo la pili ni badiliko la 13, lililopitishwa na Baraza tarehe 31 Januari 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56, na kuthibitishwa na majimbo tarehe 6 Desemba mwaka huohuo. Tangazo liliwaacha huru watu; badiliko lilifuta hali yenyewe ya utumwa. Mfasiri anayeandika "kukomesha utumwa" kwa matendo yote mawili ameiua filamu nzima, kwani mtazamaji hataelewa kwa nini Rais anahangaikia jambo ambalo, kwa maneno ya mfasiri, lilikwisha kutendwa miaka miwili kabla.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutenganisha mambo haya, maana pwani yetu nayo iliyapitia. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kufunga masoko ya watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini. Biashara ilipigwa marufuku, utumwa ukabaki. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria, yaani mahakama haikuweza tena kumtambua mtu kuwa mali ya mwingine. Hata hivyo mtumwa alipaswa kwenda kuudai uhuru wake, bwana wake akilipwa fidia, na masuria walibaki nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Tena tangu zamani walikuwapo mabwana waliowaacha huru watumwa wao kwa kutafuta thawabu. Basi kukataza biashara, kuacha huru na kufuta ni mambo matatu, na kila moja lina mahali pake.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika maelezo marefu ya Lincoln mbele ya mawaziri. Kwa ufupi, anasema kwamba aliwatwaa watumwa wa waasi kama mali inayochukuliwa kwa adui vitani. Yeye mwenyewe hakubali kwamba binadamu ni mali. Lakini ikiwa kumwita mtu mali ndiko kutakakomweka huru, aliikamata nafasi hiyo. Mfasiri mwenye haraka atajiwa na neno "magendo", nalo ni kosa, kwa sababu magendo ni biashara ya kukwepa sheria na ushuru. Mwingine atasema "mateka", nalo halifai hapa, kwani mateka ni mtu, na uchungu wa maneno ya Lincoln ni kwamba anamwita mtu kitu ili apate kumfanya mtu. Neno linalobeba maana hiyo ni "ngawira". Tukisema kwamba watumwa walihesabiwa kuwa ngawira, mtazamaji atashtuka, na kushtuka huko ndiko kunakotakiwa.

Liko pia neno "ukombozi", ambalo siku hizi hutumiwa kwa kila aina ya uhuru, hasa tangu Kamati ya Ukombozi ya nchi za Afrika ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Asili yake ni malipo: mtu hukomboa kitu kilichowekwa rehani. Katika filamu yumo mmoja ambaye neno hilo lamfaa kwa maana yake ya asili. Ni Elizabeth Keckley, mshonaji wa mke wa Rais, anayeigizwa na Gloria Reuben. Mwaka 1855 alijikomboa yeye na mwanawe kwa dola 1,200. Mwana huyo akafa vitani mwaka 1861. Mwaka 1862 Keckley alianzisha chama cha kuwasaidia watumwa waliokimbilia mji wa Washington, na katika jina la chama hicho aliliweka lilelile neno la ngawira ambalo Rais analijadili na mawaziri. Filamu yamwonyesha akimsubiri Rais na kumwuliza maswali, wala haitaji chama hicho.

Hapa ndipo kasoro kubwa ya filamu ilipo. Kosa la kuwaonyesha wabunge wawili wa Connecticut wakipinga, hali wabunge wote wanne wa jimbo hilo waliunga mkono, ni dogo. Lililo kubwa ni kwamba, baada ya askari wa mwanzo, watu weusi karibu wote ni wenye kungoja. Mwanahistoria Kate Masur alilieleza jambo hili mara filamu ilipotoka. Frederick Douglass hayumo kabisa. Watoro, wale waliovunja utumwa kwa miguu yao kabla sheria haijauvunja, hawaonekani. Kwa lugha yetu twaweza kusema kwamba filamu imejaa vitenzi vya kutendewa: waliachwa, walikombolewa. Vitenzi vya kujitendea, kujikomboa na kutoroka, vimekosekana.

Mahali ambapo filamu imefaulu kupita kiasi ni katika neno "sawa". Thaddeus Stevens, aliyeigizwa na Tommy Lee Jones, aliamini usawa wa binadamu wote; lakini ili kura zisipotee, anasimama Barazani na kusema kwamba anadai usawa mbele ya sheria tu. Mfasiri asiunganishe kauli hizo. Katiba ya Tanzania yenyewe yazitenganisha: ibara ya 12 yasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, ibara ya 13 yasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Stevens aliificha ya kwanza ili aipate ya pili.

Baadaye Lydia Smith, mtunza nyumba wa Stevens, anasoma maneno ya badiliko kwa sauti. Asikilizaye kwa makini atasikia kwamba utumwa na utumishi usio wa hiari vimekatazwa isipokuwa viwe adhabu kwa mtu aliyetiwa hatiani. Kupitia mlango huo wafungwa wengi, hasa weusi, walikodishwa kufanya kazi za shuruti kwa miaka mingi baada ya vita. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1922 nayo ilitaja utumishi usio wa hiari katika jina lake. Kwa hiyo istilahi hii si ngeni kwetu, na haifai kufupishwa ikawa "utumwa" tu.

Kwa hayo, twatoa mapendekezo yafuatayo kwa wafasiri na walimu:

(a) "Kuacha huru" litumike pale mtu au watu wanapotolewa utumwani kwa amri au hiari ya mwenye madaraka juu yao.

(b) "Kufuta utumwa" litumike pale sheria inapoondoa hali yenyewe. "Kukomesha" liwekwe kwa utumwa uliokwisha kwa vitendo, jambo ambalo mara nyingi huja nyuma ya sheria.

(c) "Kukomboa" na "kujikomboa" yakumbukwe kwa maana yake ya malipo katika maandishi yote ya historia ya utumwa.

(d) "Utumishi usio wa hiari" liandikwe kwa ukamilifu, pamoja na sharti lolote linaloufuata.

Filamu hii yafaa kuonyeshwa vyuoni, ikifuatiwa na mjadala. Mwanafunzi atakayetoka humo akijua kutofautisha mtu aliyeachwa huru na mtu asiyeweza tena kufanywa mtumwa, atakuwa amejifunza historia na Kiswahili kwa pamoja.