Top Gun: Maverick na swali la dogo wa Gongoni

Kuna banda la video Gongoni, hapa Tabora mjini, ambalo nikirudi nyumbani likizo huwa silikosi. Viti vya plastiki, feni moja, na muvi iliyotafsiriwa na DJ anayeongea kuliko waigizaji wenyewe. Ndiko nilikoitazama kwa mara ya pili Top Gun: Maverick, filamu ya Joseph Kosinski ya mwaka 2022 iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.4 duniani. Ndege zinapita bondeni, banda zima linapiga kelele, na katikati ya kelele hizo dogo mmoja nyuma yangu akauliza: "Hivi hawa jamaa wanalipwa shingapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikatoka na lile swali, kwa sababu muvi nzima ya saa mbili haikuligusa, na ndilo swali linalozisumbua nchi zenye ndege kama hizo.

Tuanze na haki yake. Upande wa fizikia, filamu hii imejitahidi. Waigizaji walikaa kweli kiti cha nyuma cha F/A-18F, mbele akiendesha rubani halisi wa jeshi la majini. Zile nyuso zinazovutika si maigizo. Ndege ikikata kona kali kwa nguvu mara 9 ya mvutano wa kawaida wa dunia, mtu wa kilo 70 hujisikia kama ana kilo 630. Damu inakimbilia miguuni, macho yanaanza kuona giza, na asipokaza misuli ya miguu na tumbo anazimia. Hapo sina ugomvi na mwongozaji.

Ugomvi wangu ni kuhusu kazi yenyewe. Mwanzoni tu mwa filamu, admirali anamwambia Maverick kwamba zama za rubani zinaisha, zinakuja ndege zisizo na rubani. Kuanzia hapo hadithi inakuwa mtu dhidi ya mashine: je, binadamu bado anahitajika?

Sasa hebu tuangalie hesabu. Mwaka 2018 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilitoa ripoti kuhusu marubani wa ndege za kivita. Mwaka 2006 Jeshi la Anga lilikuwa na upungufu wa marubani 192 wa aina hiyo. Kufikia 2017 upungufu ulikuwa 1,005, yaani karibu asilimia 27 ya nafasi zilizotakiwa kujazwa. Wakati Hollywood inaandaa hadithi ya rubani asiyehitajika, jeshi lilikuwa linamtafuta rubani huyohuyo na halimpati. Sehemu ya tatizo ni kwamba wapya waliofunzwa walikuwa wachache kuliko lengo. Sehemu nyingine ni kwamba wenye uzoefu walikuwa wanaondoka, na wengi walikuwa na mahali pa kwenda: mashirika ya ndege.

Kwa nini huko? Jibu la haraka ni mshahara, na ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, watu 50 wakafa. Baada ya hapo sheria ikabadilika, na tangu 2013 rubani wa kiraia Marekani anatakiwa awe na saa 1,500 angani kabla ya kuajiriwa na shirika la abiria. Aliyetoka jeshini anaruhusiwa kuanza na saa 750. Wakati huohuo, rubani wa shirika lazima astaafu akifika miaka 65, kwa hiyo nafasi zinafunguka kila mwaka, wenyewe wapende wasipende.

Kuna jambo la tatu ambalo watu wengi hawalijui. Katika mashirika makubwa ya Marekani, karibu kila kitu kinafuata tarehe uliyoajiriwa: utaendesha ndege gani, utaishi mji gani, Krismasi utakuwa nyumbani au Denver. Aliyeingia jana yuko mbele yako mpaka astaafu. Kwa hiyo kila mwaka ambao rubani wa jeshi anauongeza kambini, foleni inajipanga mbele yake. Hata angekuwa mzalendo namna gani, kusubiri kunamgharimu.

Jeshi likajibu kwa pesa. Mwaka 2017 bonasi ya kubaki ilifika dola 35,000 kwa mwaka. Kwa mtazamo wa mhasibu hiyo ni bei poa. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria mwaka 2019 kwamba kumfundisha rubani mmoja wa F-16 mpaka akamilike ni kama dola milioni 5.6, na wa F-22 ni kama milioni 10.9. Lakini bonasi haikuziba pengo, na hapa ndipo sayansi ya jambo hili inapopendeza.

Uzoefu haununuliki dukani, unatengenezwa kwa saa. Kigezo kinachotumika sana katika Jeshi la Anga la Marekani ni kwamba rubani wa kivita anahesabiwa mzoefu akiwa na kama saa 500 katika ndege yake. Akiruka saa 16 kwa mwezi, anazifikisha baada ya miezi 31. Akiruka saa 10, ni miezi 50, miaka minne na ushee. Na mgeni haruki peke yake, anahitaji mzoefu wa kumwongoza. Wazoefu wakiondoka, wanaobaki wanagawana wanagenzi wengi, saa za kila mwanagenzi zinapungua, na safari yake ya kuwa mzoefu inarefuka. Ukijibu kwa kuongeza wanafunzi chuoni, unaweza kulikuza tatizo badala ya kulipunguza. Ni kama daladala zenye makonda hamsini na madereva watatu.

Sasa rudi kwenye muvi. Maverick ni kapteni wa jeshi la majini baada ya miaka zaidi ya thelathini kazini, na amekataa kupanda cheo ili aendelee kuruka. Tunampenda kwa hilo. Lakini katika utaratibu halisi, mwenye cheo hicho anastaafishwa akifikisha miaka 30 ya utumishi. Yeye amebakije? Amebebwa. Rafiki yake Iceman ni admirali mkubwa na anamkingia kifua. Filamu inakiri, bila kukusudia, kwamba mtu anayetaka tu kufanya kazi aliyoisomea hana nafasi kwenye mfumo mpaka awe na mkubwa wa kumpigia simu.

Wasio na Iceman wanafanyaje? Wanapewa meza na makaratasi, wanahamishwa kituo mpaka familia inachoka, wanaruka kidogo kuliko walivyoahidiwa. Kisha wanaondoka. Watu hawa hawamo kabisa kwenye filamu, na bila wao huwezi kuelewa kwa nini viti ni vitupu.

Sisi wa Tabora tulipaswa kuliona hili kabla ya Hollywood. Mji huu ulikua kwa miguu ya wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, waliobeba mizigo ya kama kilo 30 kati ya Bagamoyo na huku. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, Stanley akafuata 1871, na wote waliwalalamikia wapagazi "watoro" waliochukua malipo ya vitambaa na kutoweka. Ukiwasoma wazungu hao tu, utaamini shida ilikuwa tabia. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha 2006, anawaonyesha kama wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi na desturi zao za kazi. Posho ikipungua, viboko vikizidi, njia ikiwa na vita, au mvua za kulima zikikaribia, mtu aliondoka. Kutoroka kulikuwa pia namna ya kujadiliana na tajiri.

Silinganishi mateso ya mpagazi na raha ya rubani. Ninacholinganisha ni masimulizi ya mwajiri. Mtu mwenye ujuzi akiondoka anaitwa mtoro, au mwenye tamaa, na swali la nini kilimwondoa linafungwa hapo.

Na hili linatuhusu leo. Air Tanzania ilipokea Bombardier Q400 mbili Septemba 2016, Boeing 787-8 Julai 2018, na Boeing 737 MAX 9 mwaka 2023. Piga hesabu nami: ndege moja ikiruka saa 10 kwa siku, kwa mwaka ni saa 3,650. Viti vya marubani ni viwili, kwa hiyo saa 7,300 za kazi. Kanuni nyingi humruhusu rubani kati ya saa 900 na 1,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 900: unahitaji angalau marubani tisa kwa ndege moja tu, kabla hujahesabu likizo, ugonjwa na mafunzo. JWTZ nayo ina kamandi yake ya anga, na rubani mzuri ni yuleyule anayetafutwa na wote. Hata mashirika yenyewe hayako salama: katikati ya miaka ya 2010 Kenya Airways ililalamika hadharani kwamba mashirika ya Ghuba yanawachukua marubani wake.

Kwa hiyo itazame Top Gun: Maverick, uifurahie, upige kelele bondeni kama sisi. Ila ukiisha kupiga kelele, uliza kama yule dogo: wanalipwa shingapi? Kisha ongeza mawili aliyoyasahau: wanaruka saa ngapi kwa mwezi, na wanalala nyumbani siku ngapi?